Kuhani wa Ghorofa ya Chini

Montreal, 14 Aprili 1996

Mpwa wangu Shula,

Nakusalimu wewe na wenzako mliovuka bahari kwenda kusugua mawe ya watu waliokwisha kufa. Huku sote wazima. Pasaka imepita, na mikate isiyotiwa chachu imenifunga tumbo siku nane kama kila mwaka. Bi Perla wa ghorofa ya juu yangu alinialika mlo wa sikukuu. Kuku wake alikuwa mzuri, supu ilizidi chumvi, nami nikasema. Bi Perla akanijibu kwamba kama supu inanishinda, nikale kwa Zelik. Zelik unamjua, kuhani mwenzangu pale sinagogini, yule anayeimba baraka kwa pua. Hakuna mtu aliyewahi kula kwa Zelik akarudi mara ya pili.

Barua yangu ina shughuli. Wakati wa Pasaka tulipanda mbele ya watu, mimi na Zelik, tumejifunika shali kichwani na mikono tumeinyoosha, tukawabariki. Nikiwa chini ya shali nikajiuliza, ukuhani huu nimeupata kwa nani hasa? Baba alifariki mimi nina miaka sita. Aliniachia maneno mawili matatu tu: kwamba sisi ni ukoo wa Haruni, kwamba jina letu la Kahan ndiyo kuhani mwenyewe, na kwamba nimepewa jina la Anshel, kuhani wa Sosnówek, ambaye alikuwa baba yake babu Mendel.

Sasa wewe uko Sosnówek. Nitafutie mawe mawili, la huyo Anshel na la babu Mendel. Unajua kwamba mimi, hata ningekuwa huko, ningeishia kwenye uzio, kwa sababu kuhani haingii makaburini. Wewe ni mwanamke, sheria hiyo haikuhusu. Nisomee kila herufi. Usiniandikie muhtasari.

Bi Perla anakusalimu. Mkono wake uliovunjika Februari alipoteleza kwenye ngazi za nje umepona, isipokuwa hawezi kufungua chupa, kwa hiyo hugonga sakafu na mimi napanda. Bi Perla anauliza pia kama unakula.

Mjomba wako,
Anshel

*

Sosnówek, 2 Mei 1996

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, na ndiyo, nakula. Mwambie Bi Perla kwamba nimepanga kwa Bi Halina, mjane wa Kipolandi ambaye nyumba yake imepakana na makaburi. Ananilisha viazi asubuhi, mchana na jioni, na akiniona nimeshiba anaongeza. Bata bukini wake kumi na wanne wanalala ndani ya uzio wa makaburi yetu. Wananichukia. Yupo mmoja ananisubiri langoni kila siku kama askari wa ushuru.

Kazi yenyewe ni polepole. Tuko watano. Tunakata vichaka, tunasafisha kuvu kwa maji na brashi laini, kisha mmoja anasimama pembeni na kioo kikubwa, anaurusha mwanga wa jua ubavuni mwa jiwe mpaka herufi zijitokeze. Tunapiga picha, tunaandika daftarini. Kuna kijana wa chuo kutoka Ohio ambaye alinakili mawe arobaini kwa bidii sana, akaja kuniambia kwamba amegundua ukoo mkubwa kuliko wote mjini, ukoo wa Penun. Mjomba, hizo ni zile herufi mbili za Kiebrania, pe na nun, za juu ya kila jiwe, kifupi cha "hapa amezikwa". Alikuwa ameshaanza kuchora mti wa ukoo wao.

Kucheka tunacheka, maana bila hivyo mtu hawezi kukaa hapa. Wayahudi elfu mbili waliishi Sosnówek mpaka kiangazi cha 1942. Leo hakuna hata mmoja. Nusu ya mawe yaling'olewa wakati wa vita yakatandikwa kwenye ua wa polisi, na hayo yaliyobaki ndiyo watu pekee wa kwetu ninaoweza kuwauliza swali.

Nitawatafuta Anshel na Mendel. Lakini nami nina jambo. Kwenye barua yako babu Mendel umemtaja mara mbili, na Bi Perla mara nne. Nimehesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu huku. Kwa miaka sabini na saba hukuwahi kuuliza ukuhani wako umetoka wapi. Mwaka huu kumetokea nini?

Usijifanye hamnazo. Mama aliniambia kabla hajafa. Mwaka 1963 ulitaka kumwoa Bi Perla, rabi akakukatalia kwa sababu ni mtalaka, na kuhani haoi mwanamke aliyeachika. Mama alisema uliinama, ukavaa kofia, ukaenda nyumbani, na tangu siku hiyo ni karata za Alhamisi tu.

Mpwa wako,
Shula

*

Montreal, 20 Mei 1996

Shula,

Wazima huku. Sikukuu ya Majuma inaingia Alhamisi, nimenunua jibini. Zelik ana mafua, tutasikia mengi puani mwake mwaka huu.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa dada yangu na nilimpenda, lakini mdomo wake haukuwa na kifuniko. Mambo ya 1963 ni ya 1963. Mtu akifika umri wangu anataka kujua asili yake, hilo tu. Kuna ubaya?

Nina maswali ya kitaalamu. Moja, jiwe la kuhani lazima liwe na mikono miwili iliyochongwa, au kuna makuhani wasiochongewa? Mbili, je, mchongaji anaweza kukosea akamchongea mikono mtu asiye kuhani? Nasema kwa mfano. Labda alilewa, au mteja wa pili alichelewa kulipa. Tatu, ikiwa jiwe halisemi kuhani, linahesabika kuwa ni ushahidi au linahesabika kuwa jiwe lililonyamaza?

Bi Perla hajui kwamba nimekuandikia mambo haya. Usimwandikie.

Yule bata mtupie ganda la mkate, kisha upite upande wa pili.

Mjomba Anshel

*

Sosnówek, 11 Juni 1996

Mjomba,

Salamu kutoka kwenye jua kali. Mbinu ya ganda la mkate imefanya kazi siku moja. Siku ya pili alikuja na wenzake.

Kaa chini kwanza. Nimempata Anshel.

Yuko safu ya tatu kutoka ukuta wa mashariki, chini ya mti mkubwa ulioangukia upande. Bi Halina ndiye aliyetuonyesha. Amekuwa akiliita "jiwe la mikono" tangu utoto wake bila kujua maana. Na kweli, juu kabisa kuna mikono miwili, vidole vimegawanyika viwili viwili, kama mnavyovigawanya wewe na Zelik chini ya shali. Imechongwa na fundi aliyeipenda kazi yake, mpaka kucha zinaonekana. Chini yake nakusomea kila herufi kama ulivyoagiza: "Hapa amezikwa mtu mnyofu na mwadilifu, aliyekula jasho la mikono yake, mzee wetu Asher Anshel mwana wa bwana Yosef, kuhani." Amefariki mwezi wa Adari, mwaka ambao herufi zake ukizijumlisha unapata, kwa kalenda ya kawaida, 1881.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Kisha nikamwambia kwa sauti, "Anshel, mjukuu wa mwanao anakusalimu kutoka Montreal." Kijana wa Ohio akadhani nasema na yeye.

Kwa hiyo tulia. Mchongaji wako hakulewa. Ukuhani upo, umeandikwa, una kucha. Picha nimeiweka humu. Bado babu Mendel, lakini kwa ajili ya picha kamili tu.

Shula

*

Montreal, 25 Juni 1996

Shula,

Nimepokea picha. Mikono ni mizuri. Asante.

Huku joto. Bi Perla amenunua feni.

Mendel mtafute, maadamu umeshafika huko.

A.

*

Sosnówek, 18 Julai 1996

Mjomba,

Uko sawa kweli? Nilikuletea babu yako mzaa babu, safi, na mikono juu, nikapata mistari minne na feni. Bi Halina aliponiona naisoma barua yako akauliza kama kuna msiba.

Hata hivyo Mendel naye amepatikana, nadhani. Mpango wa zamani wa makaburi unamwonyesha hatua sita kutoka kwa Anshel. Hapo kuna jiwe limelala kifudifudi, zito kama ng'ombe. Mwana wa Bi Halina atakuja kesho na jeki ya trekta na mbao mbili, tutaliinua taratibu. Liliangukia udongo laini, kwa hiyo huenda maandishi yamehifadhika kuliko mengine yote. Nitakuandikia kesho hiyo hiyo.

Usinywe chai ya barafu nyingi, tumbo lako nalijua.

Shula

*

Montreal, 5 Agosti 1996

Mpwa wangu,

Sote wazima. Mtoto wa mwenye duka la mikate ameoa. Zelik aliimba, bibi harusi alivumilia.

Uliahidi kuandika kesho yake, na kesho yake ilikuwa tarehe kumi na tisa Julai. Labda barua imechelewa njiani. Posta ya huko siijui, ya huku naijua.

Basi, jiwe la Mendel liliinuka? Linasema nini? Kama kuna mikono, sema kuna mikono, nami nitanyamaza.

Anshel

*

Sosnówek, 14 Agosti 1996

Mjomba mpendwa,

Natumaini hujambo na Bi Perla hajambo. Huku mvua. Mvua kubwa sana. Jeki ya trekta iliharibika. Tena mbao zililowa. Bata mmoja aliumwa. Nitakuandikia vizuri mambo yakitulia.

Nimepata uyoga mwingi msituni, Bi Halina ameukausha. Nitakuletea.

Shula

*

Montreal, 30 Agosti 1996

Shula,

Salamu nakupa kwa sababu nimelelewa vizuri.

Nimekujua tangu uko kwenye nepi. Ulipovunja chombo cha maua cha mama yako ulikuja kuniambia habari za hali ya hewa. Barua yako ya mwisho ina mvua, jeki, mbao, bata na uyoga. Mtu mmoja tu hayumo, na ndiye niliyekutuma kwake.

Mwaka Mpya wetu unaingia wiki mbili zijazo. Nitapanda mbele kubariki watu na sijui napanda kama nani. Kitu ulichokisoma, mimi ndiye mwenye nacho. Hakuna jiwe litakaloniua, nimefiwa na wazazi, nimefiwa na dada. Niambie.

Mjomba wako

*

Sosnówek, 8 Septemba 1996

Mjomba wangu,

Nakutakia mwaka mwema, uandikwe katika kitabu cha uzima. Barua hii sijui nimeianza mara ngapi. Bi Halina anaona karatasi zikiwaka jikoni, anadhani nina mchumba aliyeniudhi.

Jeki haikuharibika. Tuliliinua jiwe siku ile ile, tarehe kumi na tisa Julai, saa nne asubuhi, kwa dakika ishirini. Bata wote wazima.

Jiwe ni la Mendel. Herufi ni kali kana kwamba fundi ameondoka jana. Juu halina mikono. Lina kitabu kilichofunguliwa, basi. Nakusomea kila herufi: "Hapa amezikwa mcha Mungu, aliyesoma Torati usiku na mchana, Menahem Mendel mwana wa bwana Yehuda." Mwana wa Yehuda. Si mwana wa Anshel. Na baada ya jina la Yehuda hakuna neno kuhani. Nilikisogeza kioo kila upande, nikapapasa kwa vidole. Hakuna nafasi hata ya kulichonga.

Nikasema labda ni Mendel mwingine. Pembeni yake kuna jiwe la mke wake, bibi yako: "Rivka binti wa bwana Asher Anshel, kuhani." Hapo nikaelewa, sikutaka kuelewa. Anshel hakuwa baba yake Mendel. Alikuwa mkwe wake.

Nilikwenda mjini kwenye hifadhi ya nyaraka, nikakaa siku mbili na daftari la vizazi la serikali ya Kaisari wa Austria, aliyetawala huku siku zile. Hersh, baba yako, amezaliwa 1885. Mama: Rivka Kahan. Nafasi ya baba ina mstari mtupu, na pembeni karani ameandika kwa mwandiko wa dharau: "Mendel Hering amejitokeza na kudai mtoto ni wake." Unajua watu wa siku zile walivyokuwa. Walioa mbele ya rabi, wakala, wakacheza, wakaona yamekwisha. Kwenda tena kwa afisa wa Kaisari kuandikisha ndoa waliona ni kujisumbua. Na kwa afisa, ndoa ambayo hakuiandika yeye haikuwa ndoa, mtoto alipewa jina la mama. Nusu ya mji huu wana majina ya mama zao. Nilipaswa kulifikiria hilo tangu Aprili, nimewafundisha wengine jambo hilo hilo.

Ukuhani unakwenda kwa baba, Mjomba. Jina lako la Kahan ni la bibi yako. Kwa upande wa baba wewe ni Anshel Hering, na ndiyo, ni yule yule samaki wa chumvi unayemla kila Jumamosi asubuhi.

Nimejaribu kulifanya liwe la kuchekesha, na linachekesha, mpaka nifikirie lile jingine. Ndilo lililonifunga mdomo wiki saba. Si Zelik wala shali. Kama wewe si kuhani, basi mwaka 1963 hapakuwa na katazo lolote. Ulimwacha Bi Perla bure. Na ndani ya dunia nzima mimi ndiye niliyepangiwa kukuletea habari hiyo, imebandikwa stempu.

Nisamehe. Wiki ya Upatanisho inakuja, ni vizuri uanze na mimi.

Shula

*

Montreal, 9 Oktoba 1996

Shula, mwanangu,

Nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa. Sisi wazima, sikukuu zimekwisha, na sasa nina nafasi ya kukuandikia kama mtu.

Barua yako ilifika Alhamisi kabla ya Upatanisho. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Kisha nikaenda kwa rabi na picha zako na nakala ya daftari la Kaisari. Alizisoma muda mrefu. Akavua miwani, akasema, "Anshel, kaa chini." Nikamwambia nimeshakaa. Akasema, "Hapana, namaanisha Siku ya Upatanisho. Kaa chini na watu." Basi nilikaa. Zelik alipanda peke yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa chini nikibarikiwa, tena na Zelik, tena kwa pua, na nitakuambia ukweli, sauti yake ukiwa chini si mbaya sana.

Sasa nikujibu lile swali la Mei, ambalo nililizunguka. Februari Bi Perla alipoteleza kwenye barafu nilikwenda naye hospitali. Muuguzi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nilitafuta neno, Shula. Nikasema jirani. Akaniambia majirani wasubiri nje. Nikasubiri nje saa tano, na koti lake mikononi. Hapo ndipo nilipoanza kutaka kujua ukuhani wangu umetoka wapi. Nilitaka utoke mahali pabovu. Uliponiletea ile mikono na kucha zake, wewe ulilia kwa furaha huko, nami nililia huku, na haikuwa kwa furaha. Aliyekuwa anauliza habari ya mchongaji mlevi ni mtu aliyekuwa anamwomba Mungu mchongaji awe mlevi.

Baada ya Upatanisho nilipanda juu na barua yako. Perla alikuwa anamenya viazi. Nikamsomea yote, na Kaisari, na samaki. Hakuacha kumenya.

Akasema, "Kwa hiyo wewe si kuhani tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na umejua lini?"

"Alhamisi."

Akaosha kisu, akakifuta. Akasema, "Anshel, mwaka sitini na tatu rabi alisema hapana. Mimi rabi sikumuuliza. Nilikuuliza wewe."

Nimekaa na neno hilo tangu siku ile. Unasema nilimwacha bure kwa sababu ya karani wa Kaisari. Ningependa iwe hivyo, karani ameshakufa na hawezi kujitetea. Lakini wapo makuhani waliooa watalaka wakaacha kupanda mbele, dunia haikuanguka. Mimi nilipenda kupanda. Nilipenda kuitwa wa kwanza kwenye usomaji wa Torati, kabla ya matajiri na kabla ya wasomi, mimi mshona kofia. Nilimweka Perla kwenye mizani na kile kijinafasi cha mbele, na nikachagua kijinafasi. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo. Sijawahi kusema jambo gumu kama hilo, hata kwa Mungu sikulisema.

Akaniambia niondoke, viazi vinaungua. Havikuwa hata motoni.

Siku kumi na tatu hakugonga sakafu. Jana asubuhi akagonga. Nilipanda nikidhani ni chupa. Alikuwa amevaa koti. Akasema kwa kuwa sasa naruhusiwa kuingia makaburini, twende kwa mama yako. Tukaenda kwa basi. Langoni miguu ilinigoma, mazoea ya miaka sabini na saba. Perla akanishika mkono, akanivuta ndani kama mtoto asiyetaka shule. Sikujua njia, yeye alijua. Kumbe amekuwa akienda kila mwaka siku ya kumbukumbu ya mama yako, anamwambia habari zangu. Nilimuuliza huwa anamwambia nini. Akasema, "Kwamba hujambo na bado ni mpumbavu."

Pale pale mbele ya dada yangu nikamuuliza. Safari hii sikumtaja Haruni. Nikasema, "Perla, nina miaka sabini na saba, magoti mabovu, na jina langu la pili ni samaki. Utakubali?"

Akasema atanijibu Alhamisi, kwenye karata.

Leo ni Jumatano, Shula. Nimepiga pasi shati mara mbili. Sijui kungoja, sikuwahi kujifunza, kumbe muda wote huu aliyekuwa anangoja ni yeye. Ndugu zako wa huko wabusu kwa niaba yangu, Mendel kwanza. Mwambie mjukuu wake anamshukuru kwa kutojisumbua kwenda kwa Kaisari, na kwamba pia amemkasirikia.

Magoti yanauma, Perla amesema ataitia barua hii posta yeye mwenyewe.

Mjomba wako,
Anshel Hering, anajizoeza kuliandika

*

Shula mwanangu,

Ni Perla. Bahasha nimeifungua kwa mvuke wa birika, na nitaifunga vizuri asijue. Kasahau kukuambia kwamba makaburini alilia mpaka mlinzi akatuletea kiti.

Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshamjibu. Nitamwambia ndiyo. Rudi kabla ya theluji, na huo uyoga ulete, nitaupikia harusi.

Lakini hiyo ni kesho. Mimi naishi juu ya kichwa chake, kila kitu nasikia. Miaka thelathini na mitatu nimemsikia akizima redio saa tatu kamili, anapanda kitandani, anakoroma. Kila siku ya Mungu, hata ile siku yenyewe ya 1963. Leo namsikia anatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, anageuka, anarudi, tangu asubuhi. Nimevua viatu, nimekaa jikoni, namsikiliza.

Perla